Kubisha na Kupisha: Nani Mwenye Njia Baharini?

Lugha ya Kiswahili ilizaliwa na kulelewa ufuoni, na hadi leo haijaisahau asili yake. Mtu wa Kakamega au wa Nyeri, ambaye pengine hajaiona bahari ila katika picha, husema bila kusita kwamba mambo yake yanakwenda mrama, kwamba fulani ameshika usukani wa chama, au kwamba timu yetu imeng'oa nanga kuelekea ugenini. Maneno hayo yote ni ya mabaharia. Yalipanda kutoka pwani, yakaingia bara, na sasa ni mali ya kila msemaji.

Yapo maneno mawili ya mabaharia ambayo yanastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, nayo ni kubisha na kupisha. Kimatamshi, maneno hayo yanatofautiana kwa sauti moja tu: /b/ ambayo ni ghuna, na /p/ ambayo si ghuna. Kimaana, yanatofautiana kama usiku na mchana. Kubisha, katika mazungumzo yetu ya kawaida, ni kukataa kukubali jambo, ni kushindana kwa maneno. Kwa nahodha, kubisha ni kukiendesha chombo kuelekea kule upepo unakotoka, kwa kukata mshazari upande huu kisha upande ule, kwa kuwa hakuna tanga linaloweza kukipeleka chombo moja kwa moja usoni mwa upepo. Kupisha, kwa upande mwingine, ni kumwachia mwenzako nafasi apite.

Nahodha hodari hulazimika kuyajua yote mawili. Hubishana na upepo, lakini habishani na chombo cha mwenzake. Kwa chombo cha mwenzake, ama hupisha, ama hupishwa. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi uamuzi huo unavyofikiwa, yaani nani ampishe nani pale vyombo viwili vya tanga vinapokaribiana, na kudokeza kwamba namna tunavyoitaja sheria hiyo kwa Kiswahili yaweza kuokoa maisha au kuyaangamiza.

Tuanze na swali ambalo wengi huuliza: nani mwenye haki ya njia? Swali hili tumelizoea barabarani, na walio wengi hudhani kwamba ndilo linalofaa kuulizwa baharini pia. Kwa hakika, ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza. Kasoro yake ni kwamba linaigeuza njia kuwa mali, mithili ya shamba lenye hati, na mtu mwenye mali huilinda. Dereva anayeamini kwamba njia ni yake atakanyaga mafuta badala ya breki, na akishagonga atajitetea kwamba alikuwa na haki. Naam, haki alikuwa nayo, lakini yeye na haki yake wako hospitalini.

La ajabu ni kwamba kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo visigongane baharini haziitumii istilahi hiyo. Kanuni hizo zilipitishwa London tarehe 20 Oktoba 1972, zikaanza kutumika tarehe 15 Julai 1977, na Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoziridhia. Leo hii idadi yake ni 41. Mtu akizisoma kutoka mwanzo hadi mwisho hataona mahali ambapo chombo chochote kimepewa haki ya njia. Atakachoona ni wajibu: chombo hiki kina wajibu wa kupisha, na chombo kile kina wajibu wa kushika mwendo wake. Hakuna anayetoka mikono mitupu.

Tukirudi katika sarufi yetu, tutaona kwamba Kiswahili kililijua jambo hili zamani. Kitenzi pisha ni kauli ya kutendesha ya kitenzi pita, kama vile pasha ilivyotokana na pata. Kumpisha mtu basi ni kumfanya apite. Mtendaji katika sentensi si yule anayepita, bali ni yule anayempitisha. Tukiongeza kiambishi cha kutendana, tunapata pishana: huyu anamfanya yule apite, na yule anamfanya huyu apite. Vyombo viwili vilivyopishana salama ni vyombo viwili vilivyofanya kazi pamoja. Ndiyo maana mchukuzi wa mizigo katika vichochoro vya Lamu au Mombasa hasemi kwamba ana haki, husema "Simile! Simile!" akiwaomba watu wajitenge kidogo. Neno lenyewe, kwa mujibu wa wanakamusi, lina asili ya kulitaja jina la Mwenyezi Mungu. Huo ndio ustaarabu wa kupishana.

Sasa tuingie katika sheria yenyewe. Ili tuielewe, hatuna budi kwanza kuyafufua maneno mengine mawili ambayo vijana wetu wengi hawayajui: joshi (wengine husema goshi) na demani. Joshi ni ile pembe ya tanga iliyo upande wa mbele, na kwa upanuzi wa maana, ni upande wa chombo unaopokea upepo. Demani ni kamba inayolizuia tanga kwa nyuma, na pia ni upande ule ambako upepo unakwenda. Msomaji asichanganye demani hii na ile demani ambayo ni jina la kipindi cha upepo mwanana, kusi inapokaribia kwisha.

Tofauti iliyopo kati ya jozi hii na jozi ya kulia na kushoto ni somo zuri la isimu. Kulia na kushoto kwa chombo havibadiliki. Ukitazama mbele, omoni, mkono wako wa kulia utabaki kuwa wa kulia hata chombo kikizunguka mara mia. Joshi na demani hubadilika. Ubavu uliokuwa joshi asubuhi huwa demani alasiri, chombo kinapopinduliwa au upepo unapogeuka. Jozi ya kwanza inatokana na umbo la chombo. Jozi ya pili inatokana na uhusiano wa chombo na upepo. Sheria ya vyombo vya tanga inahitaji jozi zote mbili, na asiyezitofautisha hawezi kuielewa.

Sheria hiyo ni Kanuni ya 12, nayo ina matawi matatu. Tawi la kwanza lasema hivi: ikiwa vyombo viwili vya tanga vinakaribiana na kila kimoja kinapokea upepo kwa ubavu tofauti, basi kile kinachopokea upepo kwa ubavu wa kushoto ndicho chenye kupisha. Tawi la pili: ikiwa vyote viwili vinapokea upepo kwa ubavu uleule, basi kilicho upande wa joshi, yaani kilicho karibu zaidi na kule upepo unakotoka, kitakipisha kilicho upande wa demani. Tawi la tatu: ikiwa chombo kinapokea upepo kwa kushoto na kinaona chombo kingine upande wa joshi, lakini nahodha hawezi kujua kwa yakini kile kingine kinapokea upepo kwa ubavu gani, basi ahesabu kwamba ni yeye anayepaswa kupisha.

Na ubavu wa joshi hujulikanaje pale upepo unapotoka nyuma kabisa? Kanuni inajibu kwa wepesi: litazameni tanga kuu. Ubavu wa joshi ni ule ulio kinyume na upande ambao tanga limelalia. Jibu hili linafaa sana kwa jahazi na mashua za kwetu, ambazo tanga lake kubwa la pembe tatu, likiwa limening'inia kwenye foromali, huonekana toka mbali.

Mfano utatusaidia. Tuseme ni mwezi wa Julai, kusi inavuma kutoka kusini, na mashua mbili zinabisha kuteremka kutoka Malindi kuelekea Kilifi. Ya kwanza inaelekea kusini-mashariki, yaani inatoka nje kuingia bahari kuu. Mtu aliyeelekea huko ana kusini mkononi mwake wa kulia. Kwa hivyo mashua hiyo inapokea upepo kwa kulia. Ya pili inaelekea kusini-magharibi, yaani inarudi upande wa nchi kavu. Hiyo ina upepo kwa kushoto. Zikikutana, inayorudi ndiyo ya kupisha, na inayotoka itashika mwendo wake.

Sasa tuihamishe safari yetu hadi mwezi wa Januari. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki, na mashua zilezile mbili zinabisha kupanda kutoka Kilifi kwenda Malindi. Moja inaelekea kaskazini, ikijisogeza nchi kavu. Upepo uko kuliani mwake. Nyingine inaelekea mashariki, ikitoka bahari kuu. Upepo uko kushotoni mwake. Safari hii ni mashua inayotoka inayopaswa kupisha. Bahari ni ileile, mashua ni zilezile, na manahodha ni walewale. Kilichogeuka ni upepo, na wajibu ukageuka pamoja nao. Aliyepishwa mwezi wa Julai anapisha mwezi wa Januari.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Sheria haiulizi chombo ni cha nani, kina umri gani, kimebeba abiria au mkaa, nahodha wake ni mzee au barobaro. Inauliza tu upepo uko wapi. Katika nchi ambamo ukubwa wa gari mara nyingi ndio unaoamua nani apite kwanza, hilo si jambo dogo.

Huenda mwanafunzi mdadisi akauliza: kwa nini kulia kupendelewe kuliko kushoto? Jibu ni kwamba hakuna chochote katika maumbile ya upepo kinachoufanya upande mmoja uwe bora kuliko mwingine. Ni makubaliano. Mwanaisimu wa Uswisi, Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba uhusiano kati ya neno na maana yake ni wa nasibu. Hakuna sababu ya kimaumbile ya mti kuitwa mti. Lakini jamii ikishakubaliana, msemaji mmoja hana uwezo wa kubadili. Kanuni ya kulia na kushoto ni ya namna hiyohiyo. Thamani yake haiko katika upande uliochaguliwa. Iko katika kujulikana na wote.

Makubaliano hayo hayakushuka siku moja. Mwaka 1840 taasisi ya Trinity House ya London iliandika kanuni za mwanzo, na mwaka 1863 serikali ya Uingereza, baada ya kushauriana na ile ya Ufaransa, ilitoa kanuni ambazo mataifa zaidi ya 30 yalizifuata katika muda mfupi. Mwaka 1889 mataifa yalikutana Washington kuzijadili upya. Kwa muda mrefu kanuni hizo zilimtaka anayekwenda na upepo huru ampishe anayebisha, kwa kuwa anayebisha ana nafasi ndogo ya kugeuka. Baadaye mgawanyo huo uliondolewa, kwa sababu si rahisi kwa mtu aliye mbali kujua kama mwenzake anabisha kweli au anakwenda tu mshazari. Pembe ya tanga huonekana. Nia ya nahodha haionekani. Sheria nzuri hujengwa juu ya kile ambacho pande zote mbili zinaweza kukiona.

Tuje sasa kwenye kiini cha hoja. Chombo cha kupisha kinatakiwa kuchukua hatua mapema, tena hatua kubwa inayoonekana wazi, ili kijitenge vizuri. Kugeuza usukani kidogo kidogo, kwa kificho, ni hatari, maana mwenzako hatajua kama umemwona. Jahazi la tanga la pembe tatu halipinduki kama baiskeli. Mara nyingi hupinduliwa kwa kupewa upepo wa tezi, kisha foromali ikazungushwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Kazi hiyo hutaka watu, nafasi na muda. Nahodha anayengoja hadi dakika ya mwisho amekwisha kuchelewa. Isitoshe, tanga hilo kubwa huziba macho ya mshika usukani upande wa demani. Ndiyo maana kanuni zinamtaka kila nahodha awe na mlinzi wa kutazama na kusikiliza wakati wote. Kumweka baharia mmoja omoni hakugharimu kitu.

Na utajuaje kwamba kuna hatari? Itumie dira. Pima upande ambako chombo kile kingine kiko, kisha upime tena baada ya muda. Upande huo usipobadilika, na huku chombo kinazidi kukaribia, mtagongana. Asiye na dira akitazame kupitia usawa wa kamba ya mlingoti, akiwa ameketi palepale na chombo chake kinakwenda moja kwa moja. Kikiteleza kuelekea mbele ya kamba, kitapita mbele. Kikirudi nyuma yake, kitapita nyuma. Kikiganda palepale, saa ya kupisha imefika.

Chombo cha pili, kile kinachopishwa, hudhaniwa kwamba hakina kazi. La hasha! Kazi yake ni kushika mwendo na mwelekeo wake bila kuyumba, ili mwenzake aweze kukisoma. Ukigeuka ghafla kwa kumhurumia anayekupisha, waweza kugeuka upande uleule anaogeukia yeye, kama watu wawili wanaokutana kwenye ujia na kila mmoja akahamia upande wa mwenzake. Nchi kavu watacheka na kuombana radhi. Baharini watazama.

Lakini kushika mwendo kuna mpaka. Mara inapodhihirika kwamba anayepaswa kupisha hapishi, yule mwingine anaruhusiwa kuchukua hatua. Na vyombo vinapokaribiana kiasi kwamba hatua ya mmoja peke yake haiwezi tena kuzuia mgongano, hapo si ruhusa tena bali ni lazima: naye afanye kila awezalo kujiokoa na kuokoa mwenzake. Mtu hawezi kusimama mbele ya baraza akasema, "Mimi nilikuwa wa kupishwa, nikaendelea tu." Kanuni zenyewe, mwanzoni kabisa, zinasema kwamba hakuna ndani yake kitu chochote cha kumwondolea lawama nahodha aliyepuuza tahadhari ambayo desturi ya ubaharia inaidai.

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza waziwazi. Mkataba wa mwaka 1972 uliandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na matini zote mbili zina nguvu sawa kisheria. Chombo kile cha pili, matini ya Kiingereza inakiita kwa maneno yenye maana ya chombo kinachoshikilia mwendo wake. Matini ya Kifaransa inakiita chombo chenye upendeleo. Sheria ni moja, lakini majina haya mawili yanapanda mbegu mbili tofauti akilini. La kwanza linamwambia nahodha afanye nini. La pili linamwambia yeye ni nani. Mwenye upendeleo hujiona. Mwenye kazi huiangalia kazi yake.

Kwa hiyo, tunapozifundisha kanuni hizi kwa Kiswahili, tusikimbilie "chombo chenye haki" wala "chombo chenye upendeleo". Tuseme "chombo cha kupisha" na "chombo cha kushika mwendo". Ni maneno mepesi, hayahitaji kamusi, na kila moja linabeba wajibu tumboni mwake. Mvuvi wa Kizingitini na mwanafunzi wa chuo watayaelewa kwa namna moja.

Kuna kosa jingine ambalo neno haki limelizalisha, nalo ni imani kwamba chombo cha tanga hupishwa na kila mtu. Ni kweli kwamba, kwa kawaida, chombo cha injini hukipisha cha tanga. Lakini kuna mipaka. Kwanza, ukiwasha mashine, hata kama tanga limetwekwa, wewe si chombo cha tanga tena mbele ya sheria. Pili, anayempita mwenzake kutoka nyuma ndiye mwenye kupisha, awe na tanga au injini. Tatu, chombo cha tanga hukipisha chombo kilicho katika shughuli ya kuvua kwa nyavu au zana nyingine zinazokizuia kugeuka. Anayekokota mshipi tu nyuma ya mashua hahesabiwi hivyo. Nne, katika mlango mwembamba, chombo cha tanga hakiruhusiwi kuizuia meli ambayo haiwezi kupita salama ila katika mkondo ule wenye kina.

Mpaka huu wa nne una uzito mkubwa kwetu. Mlango wa Kilindini ni wa namna hiyo, na meli kubwa zinaingia na kutoka humo usiku na mchana. Aidha, tangu gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilipofunguliwa Mei 2021, maji ya Ghuba ya Manda, ambayo kwa karne nyingi yalijua zaidi mashua na jahazi, yamekuwa njia ya meli za makontena. Meli kama hizo, hata zikizima injini, huhitaji masafa marefu, aghalabu zaidi ya kilomita moja, hadi zisimame; na rubani aliye juu kule nyuma ya makontena huenda asiione ngalawa iliyo karibu na omo. Nahodha wa mashua aliyefundishwa kwamba tanga lina haki atangoja meli impishe. Aliyefundishwa kwamba kila chombo kina wajibu atajitenga mapema, arudi nyumbani kwa watoto wake.

Na usiku je? Chombo cha tanga kinachosafiri hutakiwa kuwa na taa nyekundu kushoto, taa ya kijani kulia, na taa nyeupe tezini. Kidogo chenye urefu wa chini ya mita 7, kama hakiwezi kuwa na taa hizo, angalau kiwe na tochi au fanusi ya kuonyeshwa kwa wakati. Ukungu au mvua kubwa ikitanda hata vyombo visionane, Kanuni ya 12 husimama kabisa. Hakuna wa kupisha wala wa kupishwa. Wote hupunguza mwendo, wote hupiga baragumu, wote husikiliza. Neno haki lingetuambia nini katika giza kama hilo?

Hata katika mashindano ya matanga, ambako kila mtu anataka kuwa wa kwanza, na ambako kanuni za kimataifa za mchezo huo zinalitumia waziwazi neno la haki ya njia, imeandikwa kwamba kila chombo, hata chenye haki hiyo, kitaepuka kugusana na kingine ikiwezekana. Na kuhusu lile tawi la tatu, la mwenye shaka kupisha, halina budi kumshangaza mwanafunzi wa sheria. Mahakamani, shaka humfaidi mshtakiwa. Baharini, shaka humwongezea mtu wajibu. Ukiwa hujui, pisha.

Najua kwamba wapo watakaosema kuwa mabaharia wetu walisafiri kwenda Uarabuni na Bara Hindi karne nyingi kabla ya London kuandika chochote, na kwamba hawahitaji kufundishwa. Hoja hiyo ina ukweli. Ujuzi wao ndio uliotuachia joshi, demani, foromali na kubisha. Lakini desturi ya bandari moja humfaa anayekutana na mtu wa bandari hiyo. Leo, katika maji yaleyale, mvuvi wa Pate hukutana na nahodha wa Manila na mtalii wa Ulaya aliyekodi mashua. Hawana lugha moja ya kusemezana, wala muda wa kusemezana. Kanuni ndiyo lugha yao ya pekee.

Wapo pia watakaosema kwamba ajali haina kinga. Methali hii tumeitumia vibaya kwa miaka mingi. Ni faraja kwa mfiwa, si kisingizio kwa mzembe. Mgongano wa vyombo viwili mchana kweupe, upepo ukijulikana unakotoka, una kinga, na kinga yenyewe ni sentensi tatu ambazo mtoto wa darasa la saba anaweza kuzihifadhi.

Ndiyo maana nawaomba walimu wenzangu, hasa wa Kiswahili na wa jiografia, wasingoje mtaala uwaamuru. Mwalimu na achore mshale wa upepo ubaoni na vyombo viwili, kisha awaulize wanafunzi kipi kitapisha. Autie mshale wa kusi, kisha aufute autie wa kaskazi. Katika saa moja watakuwa wamejifunza pepo za msimu, kauli za vitenzi, msamiati unaokaribia kupotea, na juu ya yote, adabu ya kuishi na wengine. Walio pwani watakuwa wamepata kitu cha kuwalinda. Walio bara, ambao bahari yao ni barabara kuu, watakuwa wamejifunza kuuliza swali jipya wanapofika njia panda: badala ya "nani mwenye haki?", waulize "nani wa kupisha?" Na wasipopata jibu kwa yakini, wapishe wao.